Picha ya mama ndani ya kidani: pembe usiiguse

Dada wa Sakina, pole sana kwa msiba. Umeuliza kama unaweza kumchora marehemu mama kwenye kidani ukitazama picha yake ya pasipoti, na kama bangili ya pembe ya ndovu aliyoiacha babu inafaa kukatwa ichorewe.

Kuchora unaweza kabisa. Pembe, hapana. Ni kweli Rosalba Carriera, mchoraji wa Venice, Italia, alianza kuchorea pembe karibu mwaka 1700, na wengi wakamfuata kwa jinsi uso ulivyong'aa. Ila kwetu pembe isiyo na kibali ni nyara za serikali; nenda ofisi ya wanyamapori uwaulize kabla hujafanya lolote. Tena mchoraji Mwingereza Nicholas Hilliard, kama miaka mia moja kabla yake, alichorea ngozi ya ndama na kazi zake zinapendeza hadi leo. Wanaoifufua sanaa hii ya picha ndogondogo za sura sasa wanatumia ngozi, plastiki nyeupe au karatasi. Wewe anza na karatasi nene, laini, ya rangi za maji.

Brashi chukua namba 1 yenye ncha kali. Zile za nywele tatu zinakauka kabla hazijagusa karatasi. Lenzi ya jicho, ya kukuzia unachochora, waulize mafundi saa pale mjini.

Rangi ya mama usiijenge kwa nyeusi, nakuomba. Tandaza kahawia nyepesi, iache ikauke, kisha ongeza vitone vya kahawia iliyochanganywa na buluu kidogo, taratibu, siku kadhaa. Na ile pasipoti, taa imefuta vivuli vyote usoni. Tafuta picha nyingine aliyopigwa karibu na dirisha.