Usisaini hiyo 51 kwa 49 kabla hujajua mshahara wa wafanyakazi utatoka mkononi mwa nani

Mkuu, usisaini Ijumaa. Mpigie huyo jamaa anayetaka mfungue kampuni, mwambie umepata dharura, mwambie unaumwa, mwambie lolote, ila hiyo kalamu iweke chini kwanza.

Nimekuelewa hivi: umemaliza jeshi la Marekani (Army) mwaka jana, uko Killeen, Texas, VA, yaani idara ya serikali ya maveterani (askari waliomaliza utumishi), imeshakupa barua ya ulemavu uliotokana na jeshi, na kuna jamaa mwenye kampuni ya usafi anataka mfungue kampuni mpya, wewe asilimia 51 yeye 49. Yeye analeta mtaji, mashine, wafanyakazi na uzoefu. Wewe unaleta barua ya VA na jina lako. Tenda ya serikali ikipatikana, kazi inapewa ile kampuni yake ya zamani, wewe unakaa nyumbani unasubiri mgao. Halafu ukauliza jinsi ya kujisajili SAM, mfumo wa serikali wa wanaoomba tenda, namba ipi ya NAICS (ya aina ya biashara) inafaa, na mkopo wa kuanzia unapatikana wapi. Hayo ya mwisho yote yana majibu. Hili la mwanzo umelitaja juu juu kana kwamba limeshaamuliwa, na ndilo litakalokumaliza.

Nasema hivyo kwa sababu mimi nilisaini karatasi ya namna hiyo hiyo. Nilipofika kwenye yale maneno uliyoyanukuu, "wewe tulia tu, mambo ya wafanyakazi niachie mimi", ilibidi nisimame nitembee kidogo ndani. Na mimi niliambiwa hayo hayo, na mtu aliyekuwa akiniita kaka na kula kwangu Jumapili.

Elewa kwanza kwa nini anakutafuta wewe. Sheria ya Marekani inaitaka serikali kuu ilenge kutoa angalau asilimia 5 ya fedha zake za kandarasi kwa biashara ndogo za maveterani wenye ulemavu wa kijeshi, zile zinazoitwa SDVOSB. Zamani ilikuwa asilimia 3. VA wao wana sheria yao ya mwaka 2006 inayowataka wawaangalie maveterani kwanza, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya Kingdomware, iliamua kwamba hilo si hiari: kama wanatarajia kampuni mbili au zaidi za maveterani zitaomba kwa bei ya haki, tenda ile inatengwa kwa maveterani peke yao. Kampuni yake haiwezi kuingia kwenye chumba hicho hata iwe na miaka thelathini sokoni. Wewe mwenye barua, hata ingekuwa ya ulemavu wa asilimia 0, unaingia. Kwa hiyo ulicholeta mezani si kidogo kama anavyokuaminisha. Ndicho kitu pekee ambacho fedha zake haziwezi kununua dukani.

Sasa hiyo 51. Watu wengi wetu tunadhani ukishaandikwa 51 umemaliza. Hapana. Tangu tarehe 1 Januari 2023 vyeti vya SDVOSB vinatolewa na SBA, shirika la serikali la biashara ndogo, si VA tena, na SBA wanaangalia mambo mawili: nani anamiliki na nani anaendesha. Veterani lazima ashike cheo cha juu kabisa na awe ndiye mwenye uamuzi wa kila siku na wa muda mrefu. Ukikuta kwenye mkataba wenu kifungu kinachosema maamuzi ya kawaida yanapita kwa kauli ya wote wawili, ujue yule wa 49 ana uwezo wa kukufunga mikono, na cheti utanyimwa. Kuna mambo machache tu ambapo mwenzako anaruhusiwa kuwa na kura ya kuzuia, mfano kuuza kampuni yote, kuivunja au kuingiza mbia mpya. Kuajiri msimamizi wa zamu haimo humo. Kufungua akaunti haimo humo.

Na usidhani wajanja hawalijui hilo. Huyo wa kwangu alilijua kuliko mimi. Mkataba wetu wa kampuni ulikuwa safi kama shuka la hoteli: mimi rais, mimi uamuzi wote, mimi saini. Ubaya uliwekwa kwenye karatasi ya pili, mkataba wa huduma kati ya kampuni yetu mpya na kampuni yake ya zamani, kwamba wao ndio watatoa wafanyakazi, msimamizi, mashine na malipo ya mishahara. Mshauri aliyetuandalia makaratasi, ambaye alilipwa fedha nyingi kwa kazi inayofanywa bure na ofisi za serikali, aliniambia hiyo ni kandarasi ndogo ya kawaida, kila mtu anafanya. Mtu anayejiita mtaalamu wa maveterani, anazunguka kwenye makongamano na koti lenye bendera, anamtazama askari usoni na kumwambia hivyo! Yule mshauri bado yupo kazini, na bado wanampa kipaza sauti. Hilo linaniuma kuliko hata fedha.

Si kawaida hata kidogo. Kwenye tenda iliyotengwa kwa maveterani, kama ni ya huduma kama usafi, huruhusiwi kulipa zaidi ya asilimia 50 ya fedha unazolipwa na serikali kwa kampuni ambazo si za aina yako. Aina yako maana yake na yeye awe SDVOSB na awe mdogo kwa kipimo cha kazi hiyo. Kampuni ya jamaa yako si hivyo. Ukizidisha, faini ni dola 500,000 au kile ulichozidisha, kipi ni kikubwa. Na barua ya faini inakuja kwa jina lililo kwenye cheti.

Lakini kilichonimaliza mimi hakikuwa hata hicho. Kilikuwa mishahara, na hapa naomba usome polepole.

Tenda za usafi za serikali zina sheria ya mishahara ya kandarasi za huduma. Ndani ya makaratasi ya tenda kuna jedwali la Wizara ya Kazi, linakwenda kwa kaunti, linasema msafishaji alipwe si chini ya kiasi gani kwa saa. Tafuta namba 11150, ndiyo ya wasafishaji. Juu ya hiyo kuna kiasi kingine kwa kila saa kwa ajili ya afya na ustawi, unampa kama bima au unampa taslimu, lakini lazima umpe. Kuna sikukuu za kulipwa na likizo. Mimi nilipanga bei ya zabuni kwa jedwali hilo, nililisoma mwenyewe, kwa hiyo serikali ilikuwa inatulipa fedha za hao watu kamili.

Fedha ziliingia kwenye akaunti yetu, zikatoka kwenda kampuni yake, na huko zikageuka. Wasafishaji hawakuajiriwa. Waliandikiwa fomu ya 1099 kama wakandarasi binafsi, wanalipwa saa kwa bei ya mtaani, hakuna afya na ustawi, hakuna sikukuu, na kodi ya kujiajiri ikawa mzigo wao. Mimi sikuwa naona, maana "mambo ya wafanyakazi niachie mimi".

Hao wafanyakazi walikuwa nani? Wengi kina mama wa Kikongo waliofika kama wakimbizi, wanaongea Kiswahili cha Bukavu na Uvira, Kiingereza bado kinawasumbua. Wengine nasali nao. Walikubali ile kazi kwa sababu waliona jina langu, mtu wa nyumbani, askari. Yule wa 49 hakuna aliyemjua. Mmoja aliponiuliza baada ya ibada kwa nini Krismasi haikulipwa wakati jirani yake anayesafisha jengo jingine la serikali kalipwa, nilimjibu nitauliza. Nikauliza. Nikaambiwa yule mama haelewi mfumo. Nikakubali jibu hilo, na wiki zikapita.

Wizara ya Kazi walipokuja walianza na mimi, kwa sababu mkandarasi mkuu anawajibika hata kwa makosa ya aliyempa kazi. Sheria inamtambua mfanyakazi wa huduma bila kujali umemwandikia fomu gani, kwa hiyo hiyo hila ya 1099 haikusaidia chochote. Tena iliongeza kosa, kwa sababu kwenye ile hesabu ya asilimia 50 mkandarasi binafsi anahesabiwa kama mtu wa nje. Kila dola iliyokwenda kwa wale kina mama kupitia 1099 ilikuwa ushahidi kwamba kampuni yangu haifanyi kazi yoyote. Serikali ikashikilia malipo ya ankara zetu hadi deni la wafanyakazi lipatikane. Yule bwana akafunga kampuni yake ya zamani kama mtu anayefunga duka saa kumi na moja jioni. Simu ikawa haipokelewi. Akiba yangu ya uzeeni ya TSP, ile niliyojiwekea jeshini kila mwezi toka nikiwa private, askari wa cheo cha chini, ikaenda kulipa mishahara ya watu niliodhani wameshalipwa. Mwaka wa nyongeza wa tenda hatukupewa. Kwa kosa hilo kampuni na wenye kuhusika wanaweza kufungiwa kandarasi zote za serikali kuu kwa miaka 3, na miezi niliyokaa nikisubiri kujua kama nitafungiwa sitaki hata adui yangu aipitie.

Wale kina mama walilipwa. Hilo nashukuru. Lakini jina langu pale kanisani halijawahi kurudi lilivyokuwa, na sina haki ya kuwalaumu.

Sasa ndiyo maana nakwambia, angalia kitu kimoja kabla ya vyote: mshahara utoke mkononi mwako. Maana yake akaunti ya benki ni ya kampuni yako, anayeingia na kuidhinisha ni wewe, msafishaji ni mwajiriwa wako kamili, wa fomu ya W-2, orodha ya saa unaiona wewe kila wiki na unaifananisha na jedwali. Ukishika mshahara, asilimia 50 unaiona ikitimia yenyewe. Ukishika mshahara, SBA wakiuliza nani anaendesha, una jibu lenye tarehe na kiasi. Ukishika mshahara, mama akikuuliza kuhusu Krismasi unafungua kompyuta unamwonyesha. Asiyeshika mshahara hana kampuni, hata karatasi iseme 51, hata iseme 90.

Kwa hiyo mpigie jamaa umwambie hilo moja tu: wafanyakazi wote wa tenda watakuwa kwenye orodha yangu ya mishahara, na akaunti nitaisimamia mimi. Halafu nyamaza umsikilize. Kama ni mtu wa kweli atauliza tutafanyaje. Kama ni wa aina ninayoijua mimi, ataanza na maneno ya kuaminiana, kisha atakwambia bima ya wafanyakazi ni ghali kwako, kisha atakumbuka kuna veterani mwingine alikuwa anamwulizia. Mwache aende kwa huyo mwingine, ingawa nawaonea huruma wote wawili.

Na akiwa wa kweli, zipo njia halali. SBA wana mpango wa Mentor-Protégé, kampuni kubwa inamlea mdogo, mnaandika makubaliano, wao wanayaidhinisha, na mnaweza kuunda ubia wa kuomba tenda za maveterani. Lakini hata humo wewe mdogo lazima ufanye angalau asilimia 40 ya kazi ya ule ubia. Ona hapo: hata serikali inapompa mkubwa mlango wa kuingia, bado inataka wewe uwe na watu wako na kazi yako. Au anza na jengo moja dogo, ajiri watu wawili, yeye akukodishie mashine kwa bei ya soko. Utakwenda taratibu, lakini usiku utalala.

Kuna watu hapo juu wamesema "kila mtu anakodisha jina, Wamarekani wenyewe wanafanya". Ni kweli wanafanya. Mwaka 2009 GAO, wakaguzi wa Bunge la Marekani, walichunguza kampuni kumi tu na wakakuta zimechukua takriban dola milioni 100 za tenda za SDVOSB kwa udanganyifu na matumizi mabaya. Tangu hapo watu wamefungwa jela kwa hilo, na kwenye udanganyifu wa makusudi hasara ya serikali inahesabiwa kuwa thamani yote ya tenda, si faida uliyopata wewe. Mnaomshauri mwenzenu hivyo, mmeshawahi kupokea barua ya mkaguzi?

SAM ni SAM.gov, bure kabisa, na namba ya UEI, ya kuitambulisha kampuni yako, unapewa humo humo. Kila mwaka unahuisha, bure pia. Ukishajisajili tu utaanza kupata barua pepe na simu za watu wanaodai usajili wako unaisha na utume mamia ya dola, futa. NAICS ya usafi ni 561720. Cheti cha SBA nacho hakilipiwi. Ukitaka mtu wa kukaa naye akusomee makaratasi bila malipo, tafuta APEX Accelerator ya eneo lako, ofisi inayosaidia biashara kuomba tenda za serikali, zamani waliitwa PTAC. Hao ndio ningewaendea mimi badala ya yule wa koti la bendera.

Kama rasimu ya mkataba ameshakutumia, ficha majina, uweke hapa kifungu cha akaunti ya benki na kifungu cha kura. Na muulize kama kuna mkataba wa pili na kampuni yake ya zamani. Kama upo, huo ndio uuweke kwanza, nitausoma leo leo.