Korongo la Buckskin mwezi wa Agosti: mambo ya kuchunguza kabla ya kuingia

Ndugu uliyeuliza, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja. Umeeleza kwamba shemeji zako wawili wanakuja kutoka Dar es Salaam, kwamba mnakusudia kuwatembeza katika korongo jembamba la Buckskin Gulch, mpakani mwa Utah na Arizona, katikati ya mwezi wa Agosti, na kwamba simu yako inaonesha uwezekano wa mvua wa asilimia 20 tu katika mji wa Kanab. Umetaka kujua kama hilo linatosha. Halitoshi, na nitaeleza sababu kwa urefu, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kuridhika na takwimu ya namna hiyo hiyo.

Mwaka wa pili tangu nihamie Salt Lake City, mimi na rafiki zangu watatu tuliingia katika korongo hilo kwa kupitia Wire Pass, ambayo ndiyo njia fupi inayotumiwa na wengi. Ilikuwa Agosti, anga lilikuwa jeupe bila wingu, na simu zetu zilikuwa zimetuahidi jua siku nzima. Mpango wetu ulikuwa kuteremka Buckskin kwa saa tatu hivi kisha kurudi, lakini mwenzetu mmoja alichubuka kisigino vibaya, tukageuza mapema tukilalamika. Tulipofika kwenye maegesho, mzee mmoja aliyekuwa akifunga mizigo yake alituuliza kama tulikuwa tumetazama upande wa kaskazini-magharibi. Tulitazama. Mbali sana, juu ya nyanda za juu, lilikuwa limesimama wingu moja jeusi, refu, ambalo kutoka pale tulipokuwa lilionekana dogo kama kofia. Tulimshukuru, tukanywa maji, tukaondoka bila haraka. Kilomita chache mbele, mahali ambapo barabara ya vumbi ya House Rock Valley hukatwa na mkondo ambao asubuhi tuliuvuka ukiwa mkavu, tulikuta maji ya rangi ya udongo yakibeba magogo. Hatukuwa tumeangukiwa na tone hata moja. Tulilala ndani ya gari hadi alfajiri, na usiku ule hakuna aliyezungumza sana, maana kila mmoja wetu alikuwa akipiga hesabu ile ile: isingekuwa kile kisigino, maji yale yangetukuta ndani.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimefundishwa jambo hili tangu utoto. Nimekulia Kondoa, ambako mito mingi ni ya mchanga na hukaa mikavu sehemu kubwa ya mwaka, na mama alitukataza kabisa kuvuka korongo tukiona wingu limekaa milimani, hata kama pale tuliposimama jua lilikuwa kali. Wasomaji waliotoka kaskazini mwa Kenya wanalijua hilo kwa habari za malaga yao, yaani mikondo mikavu ya mito ya msimu. Nilikuja Marekani na elimu hiyo, kisha nikaiweka kando kwa sababu simu ilikuwa imesema jua.

Kwa hiyo jambo la kwanza, na kwangu ndilo linalobeba mengine yote, ni kuuliza hali ya hewa ya eneo lote linalomwaga maji ndani ya korongo, badala ya kuuliza hali ya hewa ya mahali utakapoegesha gari. Buckskin lina urefu unaozidi kilomita 20, lakini maji yanayolijaza hutoka kwenye nyanda zilizo nje yake kabisa, makumi ya kilomita kutoka unapotembea. Mto Paria, ambao Buckskin huungana nao, huanzia karibu na Bryce Canyon. Ardhi ya huko ni miamba ya mchanga iliyo wazi na udongo mgumu wenye majani machache, hivyo mvua kubwa ya nusu saa hainywewi, bali huteleza yote kuelekea mabondeni. Maji yaliyokuwa yametandaa juu ya uwanda mpana huingia katika mwanya ambao mahali pengine hauzidi upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, na kwa kuwa hayana pa kutanuka, hupanda juu.

Hapo ndipo ile asilimia 20 inapopoteza maana uliyoipa. Takwimu hiyo huelezea uwezekano wa mvua kunyesha katika sehemu moja, yaani pale Kanab, ndani ya kipindi fulani. Mvua za kiangazi za jangwa hili, zinazokuja na unyevu wa monsuni kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba, huwa ni dhoruba ndogo ndogo zilizotawanyika, kila moja ikimwaga maji mengi mahali pamoja na kuacha jirani pakavu. Uwezekano kwamba dhoruba moja itaangukia Kanab unaweza kuwa mdogo, ilhali uwezekano kwamba moja miongoni mwa nyingi itaangukia mahali popote katika eneo lote la maji ya Buckskin ukawa mkubwa zaidi. Wewe unahitaji takwimu hii ya pili, na simu haikupi.

Ajali ya Antelope Canyon ya chini, karibu na mji wa Page, inaonesha jambo hili kwa uchungu. Tarehe 12 Agosti 1997, watu 11, wengi wao watalii kutoka Ulaya, walifariki ndani ya korongo hilo kwa mafuriko yaliyotokana na dhoruba iliyonyesha mbali juu, huku penyewe pakiwa hapajapata mvua ya maana. Aliyenusurika alikuwa kiongozi wao peke yake. Nasi Waafrika Mashariki tuna msiba wetu wa aina hiyo hiyo: katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, watu 7 walisombwa mwaka 2012, na wengine 7 mwaka 2019. Shemeji zako huenda wameshatembea pale, na ukiwakumbusha wataelewa upesi unachozungumzia.

Baada ya kulijua eneo la maji, tazama utabiri uliotengenezwa kwa ajili ya makorongo. Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani, kupitia ofisi yake ya Salt Lake City, hutoa kila siku katika majira haya kipimo cha uwezekano wa mafuriko ya ghafla kwa hifadhi za kusini mwa Utah, chenye ngazi nne: hayatarajiwi, yanawezekana, yana uwezekano mkubwa, na yanatarajiwa. Mimi huingia katika korongo refu siku ya ngazi ya kwanza pekee. Najua wapo wazoefu wanaoingia siku ya ngazi ya pili, na siwalaumu kwa makorongo mafupi yenye njia nyingi za kupanda juu, lakini Buckskin si la namna hiyo. Ukishapita Wire Pass, njia ya kutokea iko karibu na katikati ya korongo, nayo inahitaji kupanda mwamba kwa mikono na miguu. Mgeni mwenye hofu anaweza kushindwa kuipanda, na hata kuitambua kwake ni kazi.

Usichanganye pia angalizo na onyo. Angalizo hutolewa wakati hali inaruhusu mafuriko kutokea. Onyo hutolewa wakati mafuriko yanatokea au yanakaribia kabisa. Anayesubiri onyo kabla ya kubadili mpango anasubiri ujumbe ambao hautamfikia, kwa sababu ndani ya korongo hakuna mtandao wa simu. Tarehe 14 Septemba 2015, katika hifadhi ya Zion, watu 7 waliokuwa wamechukua kibali chao asubuhi walifariki ndani ya korongo la Keyhole. Kipimo cha siku hiyo kilikuwa ngazi ya tatu. Mto Virgin wa hifadhi hiyo, tawi lake la kaskazini, ulipanda kutoka futi za ujazo 55 kwa sekunde hadi 2,630 katika muda wa takriban robo saa. Robo saa ni muda wa kufungua chakula na kupiga picha mbili.

Naomba uutafakari pia ule mfano wa Zion kwa upande wa kibali, kwa sababu umeandika kwamba mkishalipia kibali "watakuwa wameruhusu". Kibali cha kutembea Buckskin kwa siku moja kinathibitisha kwamba umelipa ada na umejiandikisha. Hakuna askari wa hifadhi anayekuhakikishia kwa karatasi hiyo kwamba maji hayatakuja, na uamuzi wa kuingia unabaki wako.

Ofisi zenyewe, hata hivyo, zitumie sana. Idara ya Usimamizi wa Ardhi ya Marekani, inayolisimamia korongo hilo, ina kituo cha wageni Kanab na kingine kidogo cha Paria kando ya barabara kuu namba 89. Nenda ana kwa ana asubuhi ya safari au jioni iliyotangulia, na uulize maswali mahususi: mafuriko ya mwisho yalipita lini, madimbwi yana kina cha kiuno au cha kifua, kushuka kwa mwamba ndani ya Wire Pass kumekuwa kwa urefu gani, na barabara ya vumbi inapitika kwa gari la aina yako au la. Kila mafuriko huondoa mchanga mahali fulani na kuurundika pengine, hivyo mahali ambapo mwezi uliopita watu walishuka kwa kuruka kidogo, leo panaweza kuwa na ukuta unaozidi kimo cha mtu. Maelezo ya safari ya mtu mwingine yaliyoandikwa kabla ya mafuriko ya mwisho ni ya korongo lingine. Barabara ya House Rock Valley nayo ina udongo wa mfinyanzi ambao ukilowa hauvukiki hata kwa gari lenye nguvu ya magurudumu manne.

Madimbwi yanastahili neno la ziada, kwa sababu wageni kutoka pwani hawatarajii baridi jangwani. Jua haliingii chini kule, na maji yaliyotuama kivulini yanaweza kumtetemesha mtu wakati juu joto limepita nyuzi 38. Nimemwona kijana mwenye afya akishindwa kufunga kamba za viatu baada ya madimbwi matatu. Bebeni nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, hasa kwa hao wageni. Matope ya chini huwa laini mahali pengine na humeza mguu hadi gotini. Fimbo ya kupimia kina inasaidia.

Joto nalo linaua, na linaua mahali hapo hapo mtakapoegesha. Julai 2013, mume na mke waliokuwa wakitembelea The Wave, mwamba maarufu wenye umbo la mawimbi, ambayo mwanzo wa njia yake ni Wire Pass, walifariki kutokana na joto. Hesabu lita nne za maji kwa kila mtu, na msitegemee kuchota njiani.

Kuhusu saa: dhoruba za majira haya huota kuanzia mchana, jua likishaipasha ardhi joto, kwa hiyo ingieni saa kumi na mbili asubuhi na muwe mmeshatoka nje kabla ya saa sita. Angalieni pia kwamba Agosti saa ya Utah iko mbele ya saa ya Arizona kwa saa moja, na simu karibu na mpaka hurukaruka kati ya hizo mbili. Tumieni saa ya mkononi. Amueni kabla ya kuingia ni dakika gani mtageuza, mumwambie pia mtu aliyebaki mjini, mkimpa na muda ambao akiwa hajawasikia apige simu kwa ofisi ya sherifu. Mkiwa ndani, tazameni juu: magogo yaliyokwama kati ya kuta, mita nyingi juu ya vichwa vyenu, yamewekwa pale na maji. Ukisikia mngurumo, ukihisi upepo usio wa kawaida ukitoka upande wa juu wa korongo, maji yanakotoka, au ukiona maji yaliyokuwa safi yakigeuka tope na kubeba vijiti, panda mahali pa juu palipo karibu papo hapo, hata kama ni kitako cha mwamba cha kusimama tu, na usijaribu kushindana mbio na maji.

Kama uamuzi ungekuwa wangu, katikati ya Agosti nisingewapeleka Buckskin. Ningewapeleka Antelope, ambako lazima mtembee na viongozi wa Wanavajo, wenyeji wa asili wa eneo hilo, wanaofuatilia hali ya hewa na kufunga njia inapobidi, na ambako ngazi za chuma zimefungwa imara tangu ile ajali. Ikiwa tiketi zao za ndege bado zinabadilika, mwisho wa Mei au Oktoba ni bora, ingawa mvua ya majira mengine pia huleta maji. Machi 2023 watembeaji wawili walifariki katika eneo hilo hilo la Buckskin na Paria, nje kabisa ya msimu wa monsuni. Niandikie tarehe utakazokubaliana nao pamoja na aina ya gari, nami nitakuonesha kwenye ramani mikondo yote inayoingia Buckskin, ili asubuhi hiyo ujue ni upande upi wa anga unaopaswa kuutazama.