Nawasikia Waitalia, wao hawanisikii

Swali: Assalam aleikum, fundi. Niko Langoni, Lamu. Nina leseni ya redio ya ridhaa na redio ya wati 100 kwenye betri ya sola ya volti 12. Dipoli yangu (antena ya waya mbili zilizonyooshwa) ya masafa ya 14 MHz iko juu ya paa, mita moja tu kutoka sakafu yake. Jioni nawapata Waitalia vizuri, nikiwaita kimya. Ninunue amplifaya ya kuongeza nguvu?

Jibu: Waaleikum salaam. Amplifaya isubiri kwanza. Kwenye 14 MHz antena dhaifu hupunguza sauti za mbali na kelele za anga kwa pamoja, ndiyo maana sikio haligundui dosari. Ukituma ndipo wati hupotea kwelikweli, na huko mijini kwao kelele ni tele, zinakufunika.

Anza na umeme. Weka kipima volti kwenye plagi ya nyuma ya redio, si kwenye betri, kisha bonyeza maiki upige mluzi. Redio hiyo huvuta karibu ampea 20. Waya wa 2.5 mm² wa mita 4, kwenda na kurudi, hula volti 1.1: betri ya 12.5 inafika 11.4, na redio nyingi za volti 13.8 hazifai kushuka chini ya 11.7. Sauti hukwaruza, au redio hujizima. Waya wa 10 mm² hula kama volti 0.3 tu. Fyuzi ikae karibu na betri.

Dipoli ingetaka kimo cha mita 10 ili irushe mawimbi chini chini, yafike mbali. Lakini wewe una bahari, na maji ya chumvi husaidia antena iliyosimama kurusha chini chini! Ukipata nafasi ukingoni mwa maji, simamisha waya wa mita 5.1 kwenye miti ya mkoko iliyoungwa, shina lake mita 1 juu ya ardhi. Kwenye msuko (waya wa nje uliosukwa) wa kebo ya antena unga waya mbili za urefu huo huo, zielekee pande zinazopingana. Anza na 5.3, kata sentimita mbili mbili zote tatu mpaka SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena) ishuke chini ya 1.5 kwenye 14.15 MHz. Hapo shinani viringisha kebo hiyo, RG-58, mara 6 au 7, upana sentimita 12, la sivyo maiki itakupiga shoti mdomoni.

Funga viungo kwa tepu ya raba. Chumvi ikiingia kebo, shaba hugeuka nyeusi na SWR huonekana nzuri kila masafa, kwa kuwa kebo imemeza nguvu kabla hazijarudi. Usifurahi, kata kipande utazame.

Kisha, kuanzia saa kumi na mbili jioni, tuma FT8 (ujumbe mfupi wa kompyuta kupitia redio) kwenye 14.074 MHz kwa wati 30, saa ya kompyuta isipishane hata sekunde moja. Tazama kwenye tovuti ya PSK Reporter ni nani wamekupokea na kwa desibeli ngapi: dipoli kwanza, halafu antena mpya, jioni hiyo hiyo.