Kiingilio ndio mshahara wa bendi: majibu kwa wasomaji wa Dar es Salaam

Maswali ya safari hii ni ya bendi, nyama, bili na spika. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Wapi Dar naweza kusikia bendi ya laivu Ijumaa usiku? (Wasomaji wanne: Sinza, Mbezi, Kigamboni na mgeni kutoka Mwanza)

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara linakuja nusu. Bendi gani? Dansi? Taarab? Au vijana wawili wenye kinanda wanaoimba nyimbo za watu wakati wageni wa hoteli wanakula? Hivyo ni vitu vitatu tofauti, na anayetaka kimoja hatafurahia kingine.

Kama ni dansi, yaani Msondo Ngoma, Sikinde, Twanga Pepeta na wenzao, anza na Kinondoni, Chang'ombe na Temeke. Sitaandika hapa kwamba Ijumaa bendi fulani iko ukumbi fulani, kwa sababu ratiba huhama mwenye baa akibadili mawazo au mvua ikinyesha. Piga simu ukumbini mchana wa siku hiyohiyo, usitegemee tangazo la wiki iliyopita, na uulize mambo matatu. La kwanza, jukwaani wanapanda watu wangapi? Bendi kamili ya dansi ina gitaa la solo, la ridhimu na la besi, drums, tumba, waimbaji wasiopungua watatu na, ukiwa na bahati, tarumbeta na saksofoni. Ukijibiwa "wawili, watatu hivi", hiyo si bendi. La pili, wanapanda saa ngapi? La tatu, kiingilio ni kiasi gani?

Ukifika, hakikisha unachosikia kinapigwa pale pale. Tazama mkono wa kushoto wa mpiga solo: ukisikia gitaa linapanda juu na vidole vyake viko palepale, hiyo ni pleibeki, yaani muziki uliorekodiwa. Mwimbaji akishusha maiki hadi kifuani na sauti isipungue, ni pleibeki. Wimbo ukiisha kwa kufifia taratibu kama redioni, ni pleibeki. Bendi ya kweli hufunga wimbo kwa ishara ya mpiga drums, na utawaona wote wakigeuka kumwangalia. Ukumbi unaotoza kiingilio cha bendi halafu ukaweka pleibeki umekudanganya. Dai pesa yako mlangoni, tena kwa sauti ili wengine wasikie.

Kwa nini kiingilio cha elfu tano au elfu kumi wakati bia nanunua? Si naingia baa tu? (Tabata)

Hapana, ndugu yangu wa Tabata. Uliyemlipa mlangoni si mwenye baa.

Zamani bendi kubwa zilikuwa za mashirika ya umma. NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianza mwaka 1978 na baadaye ikawa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama, na polisi na jeshi walikuwa na bendi zao. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, na mwanamuziki aliajiriwa kama karani au dereva. Mvua ikinyesha Jumamosi na ukumbi ukawa mtupu, mwisho wa mwezi alilipwa.

Mfumo huo umekwisha. Leo makubaliano ya kawaida ni kwamba mlango ni wa bendi na kaunta ni ya mwenye baa. Fanya hesabu mwenyewe. Watu mia moja wakilipa elfu tano, ni laki tano. Toa gari la kubeba vyombo kwenda na kurudi, toa mafuta ya jenereta kama umeme umekatika, toa walinda mlango, toa nyuzi za gitaa na matengenezo. Zikibaki laki tatu, zinagawanywa kwa watu kumi na wawili: elfu ishirini na tano kila mmoja, na hapo ukumbi ulijaa. Sasa toa wale ishirini walioingia bure kwa sababu wanajuana na mtu wa mlangoni.

Ndiyo maana sina huruma na msomaji anayesema "nitaingia kwa jina la fulani". Unamnunulia rafiki yako bia tatu, halafu unakataa kumlipa anayekuchezesha usiku kucha. Na ukiona ukumbi una bendi kamili lakini hauna kiingilio, soma bei ya bia kabla hujakaa. Mara nyingi umeshalipishwa humo, na bendi inapewa kiasi cha kupatana ambacho hakiongezeki hata watu wakijaa.

Tangazo limesema saa 2 usiku, nimefika saa 2, bendi imeanza saa 4. Huu si uhuni? (Mbagala)

Tangazo lilidanganya, hapo uko sahihi, na kumbi ziache tabia hiyo. Ila ujue mpangilio wa onyesho la dansi. Saa moja ya kwanza ni ya kupasha: ala tupu, nyimbo za kopi, waimbaji chipukizi, fundi mitambo akiweka sauti sawa. Waimbaji wakubwa hupanda kuanzia saa 5. Ukitaka kiti kizuri na kusikia magitaa kabla ukumbi haujachemka, fika saa 3. Anayefika saa 7 na kulalamika kwamba amekuta nyimbo mbili tu ajilaumu mwenyewe.

Kwa nini bendi za zamani zinapiga nyimbo zilezile? (Ukonga)

Kwa sababu mnaziomba. Ukipigwa wimbo mpya, meza zinarudi kwenye simu. Ukipigwa wa miaka ya themanini, watu wanajaa sakafuni kabla ya ubeti wa kwanza kuisha. Mwanamuziki anaona hilo kila wiki.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Nyimbo zile zilirekodiwa Redio Tanzania na kupigwa hewani mfululizo. Mtu alifika ukumbini akiwa anajua maneno yote, na alichofuata pale ni kuona zikipigwa na kucheza chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo yenye kasi. Leo wimbo mpya wa dansi redio nyingi haziupigi, kwa hiyo mara ya kwanza kuusikia ni ukumbini, mara moja, katikati ya kelele. Hakuna wimbo unaopendwa kwa namna hiyo. Watangazaji wanaojiita wapenzi wa dansi wanatenga saa moja Jumapili na kuijaza nyimbo za marehemu. Wapige na za walio hai.

Niliagiza kilo ya nyama choma, ikaja kama robo tatu. Nimeibiwa? (Kimara)

Huenda hukuibiwa. Kilo hupimwa mbichi. Nyama ikichomwa inapoteza maji na mafuta, kati ya robo na theluthi ya uzito wake, kwa hiyo kilo mbichi ikitoka jikoni ni kama gramu 700, na mfupa umo humo.

Wizi hutokea kabla ya moto. Nenda jikoni mwenyewe. Chagua kipande, kiwekwe kwenye mizani mbele yako, na uangalie mshale uko sifuri kabla nyama haijawekwa. Kikipimwa, kitiwe alama, hata mchano wa kisu, maana vipande vinne vya meza nne vikilala kwenye wavu mmoja vinafanana. Kwa watu wanne wanaokula na ndizi au ugali, kilo moja na nusu inatosha. Paja lina nyama nyingi kwa uzito unaolipia; mbavu ni tamu ila nusu yake ni mfupa.

Kilo ya mbuzi kwenye mkaa mzuri huchukua kati ya dakika 45 na saa nzima. Ikija ndani ya robo saa, ilichemshwa mchana au ni kiporo kilichopitishwa motoni. Utaitambua: nje imekauka na kuwa nyeusi, ndani nyuzi zinachanika bila maji yoyote. Ikija nyeusi nje na mbichi ndani, mchomaji aliiweka moto ukiwa bado na ndimi, mafuta yakadondoka na kuwaka. Irudishe, na iwekwe pembeni ya mkaa, si katikati.

Kachumbari ndiyo inayowaumiza watu tumbo kuliko nyama. Iliyokatwa asubuhi na kukaa kwenye ndoo hadi usiku iache. Omba nyanya na kitunguu vikatwe sasa hivi.

Kitimoto ikiwa laini na nyekundu kidogo katikati ina shida? (Sinza)

Ina shida kubwa. Nguruwe anaweza kuwa na tegu, na nyama isiyoiva vizuri ndiyo njia ya tegu kuingia tumboni mwako. Hatari haiishii hapo: mayai yanayotoka na choo cha mwenye tegu yakiingia kwenye chakula au maji, mabuu yake yanaweza kufika kwenye ubongo wa mtu na kumletea kifafa. Kata kipande kinene kuliko vyote. Maji yakitoka mekundu, irudi jikoni. Na uliza nyama imetoka wapi. Yenye muhuri wa mkaguzi, mwenye baa ataionyesha bila kununa.

Viroba bado vinauzwa kaunta fulani. Ni salama? (Buza)

Vifuko hivyo vya pombe kali vilipigwa marufuku Machi 2017. Unachouziwa leo hujui kimetengenezwa wapi wala kwa kitu gani. Usinywe.

Bili yangu huwa na bia mbili tatu za ziada. Nifanyeje? (Mwenge)

Chupa tupu zisiondoke mezani. Mwambie mhudumu mwanzoni kabisa, kwa adabu: "Dada, chupa tuachie hapa, tutahesabu mwisho." Akileta kreti ndogo ya kuziweka chini ya meza, ni vizuri zaidi. Meza ya watu wengi ilipe kila mzunguko au mtu mmoja aandike, maana bili hukorogeka anapojiunga mgeni wa saa 6 anayeagiza na kuondoka.

Bia ifunguliwe mbele ya macho yako. Iliyokuja wazi irudishe, hata kama mhudumu unamfahamu. Ukienda msalani, ulichoacha kwenye glasi bila mtu wa kukiangalia usikinywe tena. Mabinti, kuangaliwa kwa glasi msiwaachie marafiki wa usiku mmoja.

Ukilipa kwa Lipa Namba, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa jina la mtu binafsi na si la biashara, simama na uulize kaunta. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, idai. Na mhudumu asibebeshwe deni la meza iliyotoroka: wenye baa wanaomkata mshahara binti kwa ajili ya wezi waone aibu.

Nafungua baa ya wazi Kinyerezi, viti 80, nataka bendi Jumamosi. Spika nne kubwa zitatosha? (Kinyerezi)

Zitazidi. Baa nyingi za jiji hili zimewafukuza wapenzi wa bendi kwa kelele, siyo kwa muziki mbaya.

Kwa watu 80 chini ya bati, spika mbili za inchi 15 zinatosha. Zipandishe kwenye stendi, pembe zake, zinazotoa sauti kali, ziwe juu ya vichwa vya waliokaa, kama mita mbili kutoka chini. Ziwe mbele ya mstari wa maiki kwa mita moja au mbili. Maiki ikiwa mbele ya spika, sauti inarudi ndani yake na kupiga mluzi, na hakuna fundi mitambo atakayekuokoa. Pitisha waimbaji na tarumbeta tu kwenye spika hizo. Magitaa na besi yasikike kutoka kwenye ampu zao, yaani vikuza sauti vyao wenyewe. Drums kwenye baa ya ukubwa huo hazihitaji maiki.

Umeme ndio unaoua. Vifaa vyote vya jukwaa vichukue umeme sehemu moja yenye ethi, yaani waya wa usalama unaoshuka ardhini. Ampu ya gitaa ikiwa kwenye soketi moja na mashine ya sauti kwenye nyingine isiyo na ethi, mwimbaji anayeshika gitaa na kugusa maiki kwa midomo anaweza kupigwa na umeme. Anayekata mguu wa tatu wa plagi ili iingie kwenye soketi ya miguu miwili mwondoe jukwaani kwako. Friji na friza ziwe kwenye laini yake. Kila zikianza kunguruma umeme unashuka na sauti inakatika.

Jukwaa liipe mgongo nyumba ya jirani. Besi haizuiwi na pazia wala makuti. Inazuiwa na umbali na mkono wa fundi. Jirani akilalamika kwa wasimamizi wa mazingira, utafungiwa bendi na baa pamoja. Leseni ya vileo iko halmashauri, kibali cha burudani kiko BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na muziki wa kurekodiwa unaoupiga siku zisizo na bendi unahitaji leseni ya hakimiliki, kwa sheria iliyopo tangu 1999.

Na bendi ilipwe usiku uleule, kabla ya vyombo kupakiwa kwenye gari.

Bonanza la Jumapili naweza kwenda na mwanangu wa miaka 15? (Kijitonyama)

Likiwa ndani ya baa, hapana: sheria hairuhusu mtoto kuingia baa. Likiwa nje ya baa, mchana, kula na kusikiliza, ndiyo. Jua likizama mrudishe nyumbani. Asitumwe kaunta kununua bia, hata ya kwako. Chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa.

Nikitaka kumtuza mpiga gitaa, pesa namkabidhi nani? (Temeke)

Yeye mwenyewe, mkononi au mfukoni, wimbo ukiwa kwenye chemko. Ukimpa mwimbaji "awagawie", huenda isifike. Panda kwa upande, usikanyage nyaya, usisimame mbele ya maiki, shuka. Wala usilipe ili jina lako litajwe katikati ya ubeti. Tabia hiyo ya mapedeshee iliharibu nyimbo nzuri nyingi, na mpiga solo ndiye aliyekuwa akirudia mzunguko uleule huku akisubiri majina yaishe.