Maswali ya Wasomaji: Sampuli ya Bure Haidai Namba ya Kadi

SWALI: Mpendwa Mshauri, nina mtoto wa miezi minne, na tangu nijifungue nimekuwa nikitafuta mtandaoni sampuli za bure za nepi, sabuni na mafuta ya mtoto. Baadhi zimenifikia kweli, nazo zimenisaidia kujua kipi kinaifaa ngozi yake kabla sijanunua. Lakini wiki iliyopita nilijaza fomu, nikaambiwa kuwa nimeshinda kifurushi kizima, kisha nikatakiwa kulipia usafirishaji kwa kadi na kusambaza ujumbe huo kwa watu kumi. Sikulipa wala sikusambaza, ila jina langu, namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto nilikuwa nimekwisha kuviandika. Nifanye nini sasa, na nitaendeleaje kutafuta bila kutapeliwa? — Mama wa mtoto mchanga

JIBU: Mama, ulifanya vyema kusimama pale ulipoombwa kadi, kwa maana hapo ndipo hasara kubwa huanzia. Kile kiasi kidogo cha usafirishaji sicho wanachokitafuta. Wanachokitafuta ni namba ya kadi, tarehe yake ya mwisho na tarakimu tatu za nyuma, ambazo wakishazipata huweza kukata fedha nyingine bila kukuuliza. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani huwaeleza wananchi wazi kwamba zawadi halali hailipiwi ndipo ipokewe, na ushauri huo unamfaa mtu popote alipo.

Taarifa ulizoziandika haziwezi kurudi, lakini unaweza kuzipunguzia nguvu. Ikiwa tarehe ya kuzaliwa ya mtoto ndiyo namba yako ya siri ya simu au ya benki, jambo ambalo wazazi wengi hulifanya kwa mapenzi, ibadilishe leo. Tarajia pia kupigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole, anayelijua jina lako na umri wa mtoto, akidai kuwa anatoka benki na kukuomba umsomee tarakimu zilizoingia sasa hivi kwenye simu yako. Usimsomee. Tarakimu hizo ndizo ufunguo wa akaunti, na kulijua kwake jina lako hakuthibitishi lolote, kwa kuwa huenda amelitoa kwenye fomu ile ile.

Sharti la kusambaza kwa watu kumi nalo lina kazi yake. Ndugu yako asingefungua kiungo kilichotoka kwa mtu asiyemjua, lakini hukifungua kikitoka kwako. Kwa hiyo tapeli hukufanya wewe kuwa mdhamini wake bila ya wewe kujua.

Sasa tuje kwenye kutafuta kwenyewe, ambako sioni sababu ya wewe kuacha. Kampuni hutoa sampuli kwa sababu sampuli ni tangazo: inajua kwamba ukipenda utanunua, na gharama yote imekwisha kuibeba yenyewe. Inachohitaji kutoka kwako ni mahali pa kuupeleka mzigo, na labda umri wa mtoto kwa miezi ili ipime ukubwa wa nepi. Fomu inapouliza tarehe kamili ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho au jina la mama yako mzazi, jiulize nepi itazitumia vipi taarifa hizo, kisha uifunge. Andika anwani ya tovuti kwa mkono wako, kama ilivyochapwa kwenye pakiti ya bidhaa, badala ya kubofya kiungo ulichotumiwa, na uwe na barua pepe ya pembeni kwa ajili ya maombi haya pekee. Alama ya kufuli juu ya ukurasa isikutulize: maana yake ni kwamba mazungumzo kati yako na tovuti yamefichwa, si kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu.

Sampuli ikifika, tazama kama imefungwa vizuri na tarehe ya mwisho ya matumizi haijapita, kisha ipake mahali padogo pa ngozi ya mtoto na usubiri siku moja au mbili. Maziwa ya kopo ya bure nakusihi uyakatae kabisa. Kanuni ya kimataifa kuhusu uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama, iliyopitishwa mwaka 1981 na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, inawakataza watengenezaji kuwapa sampuli akina mama, na sababu yake ni nzito: mtoto anaponyonya kidogo, maziwa ya mama nayo hupungua, hivyo kopo la bure linapokwisha mama hujikuta hana budi kununua la pili.

SWALI: Je, huduma inayosema "siku 14 bure" lakini ikataka kadi mapema ni utapeli? — Msomaji

JIBU: Si lazima iwe utapeli, ila si sampuli ya bure, ni mauzo yaliyoahirishwa. Usipojiondoa, fedha zitakatwa siku ya kumi na tano na kila mwezi baada ya hapo. Marekani ilitunga sheria mwaka 2010 inayomtaka muuzaji wa mtandaoni aeleze masharti hayo waziwazi na apate ridhaa ya mteja kabla ya kukata, lakini hata penye sheria, mwenye ushahidi ndiye anayesikilizwa. Kabla ya kujisajili, tafuta kwanza ukurasa wa kujiondoa; usipouona, usijisajili. Ukiuona, piga picha ya skrini ya masharti, weka kikumbusho kwenye simu siku tatu kabla ya muda kwisha, na ukishajiondoa tunza ujumbe wa kuthibitisha mpaka utakapoiona taarifa ya benki ya mwezi unaofuata.