GAPDH kwenye hipoksia? Mkuu, simama hapo hapo

Usiweke pleti yoyote kwenye chemba kwanza. Umesema una seli za Ishikawa (za saratani ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba), unataka kuzishusha oksijeni hadi asilimia 1 (ndiyo hipoksia, uhaba wa oksijeni) kwa saa 24, halafu upime jeni za VEGFA (ya kuotesha mishipa ya damu) na HIF1A (ya sehemu ya HIF-1, swichi ya hipoksia) kwa qPCR, kipimo cha wingi wa nakala za jeni, na usawazishe kwa GAPDH kama jeni rejea, yaani jeni ya kulinganishia inayotakiwa isibadilike, kwa sababu "ndiyo tunayotumia maabara siku zote", ukauliza na idadi ya seli na vifaa vya kutolea RNA. Hiyo GAPDH ndiyo iliyonilia miezi saba.

Sikia. GAPDH ni kimeng'enya cha kuvunja sukari. Seli ya saratani ikikosa oksijeni inaegemea zaidi huko kwenye sukari, na HIF-1 ndiyo inayowasha jeni za kazi hiyo: GLUT1 ya kuingiza sukari, LDHA, na hiyo hiyo GAPDH unayotaka iwe mizani yako. Yaani unapimia kwa jiwe linaloongezeka uzito kila ukipunguza oksijeni!

Namba zangu bado nazikumbuka. VEGFA ilitoka Ct (mzunguko wa qPCR ambao jeni inaanza kuonekana) 26.0 ikashuka 24.5. GAPDH ilitoka 18.0 ikashuka 16.5. Ct ikishuka maana yake mRNA, nakala za jeni, imeongezeka, na mizunguko 1.5 ni karibu mara 3. Sasa toa GAPDH kwenye VEGFA: 8 huku, 8 kule, tofauti sifuri. Nikaandika VEGFA haijajibu hipoksia, na hesabu ilikuwa sahihi kabisa, hata kalkuleta ingeapa mahakamani. Kibaya zaidi ni PGR, jeni ya kipokezi cha projesteroni. Ct yake ilibaki 27 ile ile pande zote mbili, ila kwenye grafu ikaonekana imeanguka hadi karibu theluthi. Nikafurahi aisee! Wapo wagonjwa wa saratani ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba wanaotibiwa kwa projestini, hasa wanaotaka bado kuzaa, nikaamini nimeona kwa nini dawa inagoma kule ndani ya uvimbe damu isikofika. Nikaagiza kingamwili, nikatengeneza slaidi, nikarudia jaribio mara tano na jibu likawa lile lile kila mara, maana kosa likikaa kwenye mizani halikosi kurudi.

Aliyeniokoa ni dada wa benchi la jirani, alisema tu "hebu nione Ct zako mbichi". Dakika kumi, miezi saba ikaisha hapo.

Na yule aliyenipa protokali nilimuuliza kabisa, kwa mdomo wangu, kama GAPDH inafaa kwa hipoksia. Akanijibu jeni rejea hazibadiliki. Hazibadiliki wapi? Yeye alikuwa anafanya kazi na seli za hewa ya kawaida tu! Mwongozo wa MIQE wa majaribio ya qPCR upo tangu 2009, unasema jeni rejea moja peke yake haikubaliki mpaka uonyeshe kwamba haitikisiki kwenye hali ya jaribio lako, geNorm, programu ya kuchagua jeni rejea zilizotulia, nayo ipo tangu 2002. Mtu hajui aseme hajui, asimpoteze mwenzake.

Kwa hiyo kabla hujagusa jeni unayoitafuta, chukua RNA ya hewa ya kawaida na ya asilimia 1, kiasi sawa sawa kwenye kila mrija wa cDNA (DNA inayonakiliwa kutoka RNA), pima jeni rejea tano au sita, kina TBP, RPLP0, B2M, uangalie Ct mbichi. Inayotembea tupa, baki na mbili tatu zilizotulia. Majina hayo usiyachukue kwa kuniamini mimi, yapime kwenye seli zako. Weka na CA9, jeni inayopanda sana kwenye hipoksia, hiyo ikikataa kupanda kagua chemba.

HIF1A ya mRNA isikudanganye pia, kazi kubwa iko kwenye protini yake. Oksijeni ikiwepo, vimeng'enya vya PHD vinaitia alama kwenye prolini 402 na 564, protini ya VHL inaikamata, proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini, inaimaliza (njia hiyo ndiyo iliyowapa Kaelin, Ratcliffe na Semenza Nobel ya 2019). Ukitoa pleti nje ukazubaa dakika tano, protini nyingi imeshaondoka, kwa hiyo pasulia seli humo humo ndani ya chemba.

Kama una RNA ya zamani kwenye friza anza nayo leo, bandika hapa Ct mbichi za GAPDH za pande zote mbili tuziangalie.