Mwanangu, kuhusu Mama White na tuhuma za kunakili

Mwanangu Neema,

Nimeipata barua yako. Umeuliza: je, ni kweli Ellen White, mwanzilishi mwenza wa kanisa letu la Waadventista Wasabato anayehesabiwa kuwa nabii, alichukua maandishi ya watu wengine akasema ni maono? Wenzako bwenini wamekuonyesha video, na mzee wa kanisa uliyemwendea amekwambia usiwasikilize waasi. Video hiyo ina ukweli ndani yake, na mzee hakukutendea haki kukurudisha bila jibu.

Alinakili. Hilo halina ubishi tena. Mwaka 1980 Walter Rea, mchungaji wetu huko California, alizitoa hadharani kurasa za Ellen White zinazofanana na za waandishi wengine, Los Angeles Times likaiandika habari hiyo, na kitabu chake Rea kikatoka 1982. Kanisa likamkabidhi Fred Veltman, msomi wa Agano Jipya, kazi ya kupima. Alichagua sura 15 kati ya 87 za The Desire of Ages, kile kitabu cha 1898 kuhusu maisha ya Yesu, akazilinganisha sentensi kwa sentensi na vitabu vya wakati ule. Kazi hiyo ilimalizika 1988 na ilimchukua karibu miaka minane. Kwa wastani, asilimia 31 ya sentensi zilitegemea maandishi ya wengine kwa kiwango fulani, na aliyetumiwa zaidi ni William Hanna, aliyeandika naye kuhusu maisha ya Yesu. Yashike hayo maneno “kwa kiwango fulani”: mara nyingi wazo na mpangilio ni wa Hanna, maneno yamebadilishwa. Ukisikia mtu akitaja asilimia 80 au 90, mwulize amehesabu sura zipi na kwa kipimo gani.

Watetezi watakutajia Vincent Ramik, mwanasheria Mkatoliki aliyesema mwaka 1981 kwamba kwa sheria ya enzi zile haukuwa wizi wa hakimiliki. Ni kweli alisema hivyo, ila kanisa ndilo lililompa kazi, na swali lako wewe si la mahakamani. Unataka kujua kama alificha.

Jibu langu ni kwamba inategemea kitabu. Katika utangulizi wa The Great Controversy, kitabu chake cha historia ya kanisa, toleo la 1888, anasema wazi kwamba ametumia maneno ya wanahistoria, mengine bila kuwataja. Toleo la 1911 likaongezewa alama za kunukuu na marejeo. Tena tangu 1867 alikuwa ameandika kwamba maneno anayotumia kueleza maono ni yake mwenyewe, isipokuwa aliyoambiwa na malaika. Kwa hiyo anayefundisha kwamba aliandikishwa neno kwa neno kutoka mbinguni anafundisha asichodai yeye. Lakini The Desire of Ages hakina maelezo ya namna hiyo, na mahali pengine alikana kwamba alitegemea wengine. Veltman mwenyewe aliona kukana huko ndiko tatizo zito kuliko yote. Nami naona hivyo, na sijasoma utetezi ulioniridhisha.

Ujue pia namna vitabu vilivyotengenezwa. Msaidizi wake Marian Davis alipitia barua, makala na hotuba zake, akakata vipande vinavyohusu jambo moja, akavipanga kuwa sura. Wazo lililotoka kwa Hanna likiingia kwenye shajara miaka kadhaa nyuma, lilifika kwenye kitabu bila jina la Hanna.

Tuhuma za zamani zaidi si za kunakili. D. M. Canright, mhubiri wetu aliyeondoka 1887, alishikilia habari ya mlango uliofungwa: baada ya Oktoba 22, 1844 kupita bila Yesu kurudi, ndugu waliamini kuwa mlango wa rehema umefungwa kwa ulimwengu. Simulizi ya njozi ya kwanza ya Ellen White iliyochapwa 1847 ina maneno kuhusu ulimwengu mwovu ambao Mungu ameukataa. Ilipochapwa tena 1851, maneno hayo hayamo. Zisome zote mbili, utaona Canright hakuzusha. Kuhusu afya, Ronald Numbers alionyesha mwaka 1976 jinsi mafundisho ya Ellen White yaliyofuata maono yake ya Juni 6, 1863 yanavyofanana na ya warekebishaji wa afya kama L. B. Coles na James Jackson.

Sasa namna ya kukagua nukuu za Mama White, maana hapa ndipo watetezi na wapinzani wote huchemka. Nyingi zinazosomwa kanisani zimetoka kwenye mikusanyo iliyopangwa baada ya kifo chake, Julai 16, 1915. Ule wa vyakula, kwa mfano, ni wa 1938. Mle ndani barua ya familia moja inakaa jirani na hotuba ya miaka 30 baadaye. Chini ya kila nukuu pana chanzo na mara nyingi mwaka. Anza na hapo. Kisha tafuta aliandikiwa nani, na fungua andiko zima, si ile aya tu. Barua na miswada yake imewekwa wazi mtandaoni na wadhamini wa maandishi yake tangu 2015.

Chukua mayai. Wapo wanaonukuu kwamba mayai yasiwekwe mezani, wakaifanya amri ya kanisa lote. Maneno hayo aliiandikia familia moja, miaka ya 1860 mwishoni, kwa sababu ya watoto wao. Mwaka 1901 alimwandikia daktari Kress, aliyekuwa amedhoofika kwa kujinyima, ale mayai ya kuku wenye afya, mabichi au yaliyopikwa, na asipite kiasi katika mambo ya afya. Anayebeba barua ya kwanza peke yake anawanyima watu chakula. Anayeziweka mbili pamoja na kupiga kelele kwamba anajipinga hajatazama nani aliandikiwa nini.

Anza na ule utangulizi wa 1888, kisha ripoti ya Veltman, walau hitimisho lake. Rea umsome baada ya hapo. Ukikwama kwenye Kiingereza cha kale, nitumie kifungu chenyewe pamoja na mwaka wake.

Baba yako